Uchafu wa Kifaru Una Njia Yake

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu modeli kubwa za vifaru vya vita. Wengi wenu mmehama kutoka skeli ya 1/35 (modeli iliyo fupi mara 35 kuliko kifaru halisi) kwenda 1/16, na mbinu mlizozizoea zimegoma kufanya kazi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ya karibu wote walioniandikia.

Shikamoo Fundi. Nimeunda vifaru vya 1/35 kwa miaka minane na watu wanavisifu. Mwaka huu nilipata kifaru cha Kisovieti cha T-34-85 cha 1/16 nikakipaka kwa utaratibu wangu ule ule: kijani, kisha rangi nyeusi nyepesi kwenye kila mfereji, brashi kavu yenye rangi ya kupauka kwenye kingo zote, michubuko ya fedha kwa sponji, na michirizi ya kutu chini ya kila bolti. Kaka yangu alikitazama akasema kinafanana na toi. Iliniuma, lakini nilipokitazama tena niliona hajakosea. Tatizo ni nini? Nikioshe chote nianze upya?
*Mpaka Rangi wa Usiku*

Marahaba, kijana wangu. Usikioshe. Kijani chako cha chini hakina kosa kwa jinsi ulivyokieleza, na kazi kubwa iliyobaki ni kuondoa, si kuongeza.

Anza na hesabu. T-34-85 halisi, pamoja na mzinga wake, ina urefu wa mita 8.1. Katika 1/35 hiyo ni sentimita 23. Katika 1/16 ni zaidi ya 50. Urefu umeongezeka mara mbili na kidogo, lakini eneo la kupaka limeongezeka karibu mara 5. Mchubuko wa milimita moja uliouweka kwa sponji ulikuwa jeraha la sentimita 3.5 kwenye kifaru kidogo, na hakuna aliyeuliza kwa sababu jicho lilikuwa mbali. Kwenye kikubwa, mchubuko huo ni wa sentimita 1.6. Jicho limesogea, linaona umbo lake, linaona kwamba mingine ishirini inafanana nao, na linatambua sponji. Mikwaruzo mingi ya kweli ya chuma ina upana wa milimita mbili tatu hivi. Kwako hiyo ni nywele ya brashi nyembamba kuliko zote ulizo nazo, si sponji.

Jambo la pili ni mwanga. Kwenye modeli ndogo tunachora vivuli kwa sababu mifereji ni myembamba mno kutengeneza vivuli vyake yenyewe. Modeli kubwa ina vivuli vyake. Kifaru changu cha kwanza cha 1/16 kilikuwa Tiger I ya Wajerumani, sentimita 53 kutoka nyuma hadi mdomo wa mzinga, na nilizungushia kila mfuniko mstari mweusi kama nilivyozoea. Usiku, chini ya taa, kilinipendeza. Asubuhi nikakisogeza dirishani. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, na kivuli halisi cha mfuniko wa dereva kilikuwa upande wa kushoto, ilhali mstari wangu mweusi ulikuwa umeuzunguka pande zote nne. Vitu viwili vinapingana mahali pamoja. Nilikaa siku mbili nikifuta mistari ile kwa kijiti cha pamba na tina, yaani kiyeyusha rangi. Wewe fanya hivyo hivyo, ila hakikisha kwanza kuna vanishi chini. Kama hakuna, nyevusha pamba tu, usiiloweshe: tina ikipenya kwenye viungo vya plastiki iliyobanwa, plastiki hupasuka.

Mahali pa ule mweusi weka rangi ya mafuta ya hudhurungi iliyokaribiana na kijani chako, nyepesi sana, na uiweke pale tu ambapo uchafu ungejikusanya: kona za chini, nyuma ya ndoano, kando ya mishono ya kuchomelea. Brashi kavu kwenye kingo iache kabisa.

Sasa kiini cha jibu langu. Nimepaka malori kwa miaka mingi kabla ya kupaka modeli, na lori moja lilinifundisha jambo ambalo nimelitumia tangu hapo. Lilikuwa na doa la dizeli chini ya mdomo wa tangi, lakini doa halikushuka wima. Lilikwenda likilalia nyuma, kama kidole kinachoonyesha. Nikamuuliza dereva. Akasema kila jioni hulijaza akiwa amelisimamisha kwenye mteremko, pua juu. Doa lilikuwa sahihi kabisa, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikilitazama likiwa mahali tambarare. Tangu siku ile sijaweka doa kwenye modeli bila kujua nani alilimwaga, amesimama wapi, na kitu kile kilishukia njia gani. Ukiweza kujibu hayo matatu kwa kila doa, kifaru chako kitaacha kuwa toi. Usipoweza, doa hilo lifute.

Pima michirizi yako ya kutu kwa maswali hayo. Bolti ya kifaru cha vita inapata wapi kutu ya kutiririka hivyo? Kutu ya michirizi mirefu inataka miaka ya mvua kifaru kikiwa kimesimama. T-34-85 ilianza kutoka viwandani mwanzoni mwa 1944 na vita vya Ulaya vikaisha Mei 1945. Kifaru cha mstari wa mbele kilikuwa na umri wa miezi, pengine wiki. Chuma chake kilichochubuka kilikuwa na rangi ya hudhurungi ya kiza, na baada ya umande wa usiku kikapata utando mwembamba wa rangi ya machungwa. Basi. Kutu nzito iweke kwenye mabomba mawili ya ekzosti yanayotokeza kwenye bamba la nyuma, maana yale huungua, hupoa, huungua tena, na hakuna rangi inayodumu juu yake. Kama unatengeneza kifaru kilichotelekezwa shambani miaka thelathini, hiyo ni kazi nyingine, na hata rangi yake ya kijani ingekuwa imeshapauka.

Na fedha? Chuma hung'aa pale tu kinaposuguliwa leo. Kwenye T-34 mahali penyewe panajulikana. Kila pingili ya pili ya mnyororo ina pembe katikati, na sproketi ya nyuma (gurudumu la kuendesha) huvuta mnyororo kwa kuzikamata pembe hizo kwa roli zake. Kwa hiyo nyuso za pembe zinazoguswa na roli hung'aa, na sehemu za pingili zinazokanyaga ardhi hung'aa. Upande wa ndani ambako magurudumu hupita haung'ai hivyo, kwa sababu magurudumu yale yamevishwa mpira. Mpira hulainisha na kuacha kiza. Mwaka 1942, mpira ulipokuwa adimu, baadhi ya T-34 zilitoka na magurudumu yenye ukingo wa chuma, na hapo ndipo njia ya gurudumu nayo ingemetameta. Kwako, kwenye 85, acha kiza.

Usitumie rangi ya fedha kwa kazi hii. Saga ncha ya penseli laini kwenye msasa, chovya kidole kwenye unga ule, usugue. Unapata mng'ao wa chuma, si wa rangi, na unaingia pale tu kidole kinapogusa, kama ardhi inavyogusa.

Sasa chukua doa moja tulitengeneze pamoja. Injini ya T-34 ni ya dizeli, V-2 ya silinda 12 na nguvu farasi 500, na hilo lina maana kwa mpaka rangi: petroli hukauka ikaacha alama hafifu, lakini dizeli hubaki, hufanya kiza, hung'aa, na vumbi huinatia. Chagua mfuniko mmoja tu wa mafuta. Mmoja. Mimina rangi ya mafuta ya hudhurungi iliyokolea kwenye kipande cha kadibodi uiache saa moja hivi kadibodi inywe mafuta yake. Ukishaweka vumbi lako la jumla na limekauka, gusa tone dogo kwenye ukingo wa chini wa mfuniko kwa kijiti cha meno. Subiri dakika kumi. Kisha brashi bapa, safi, iliyonyevushwa kidogo kwa tina na kupanguswa hadi karibu ikauke, ivute tone kuelekea chini kwa pumzi moja. Usirudie. Pangusa brashi, vuta tena pembeni yake, fupi zaidi. Utaona mstari una kichwa chenye kiza na mkia unaopotea. Kesho yake rudi na tone la pili, dogo kuliko la kwanza, ndani ya lile la jana, na safari hii changanya na vanishi kidogo inayong'aa. Sasa una doa la zamani lililokauka na vumbi, na ndani yake doa jipya lenye unyevu. Mtu wa kujaza mafuta amekuja mara mbili. Doa hilo moja litafanya kazi kuliko michirizi yako yote ya bolti.

Vumbi ndilo la mwisho, na hapo nakuomba uvumilivu. Vumbi haliko sawa kila mahali. Kwenye malori niliyoyaosha lilikuwa jingi pale upepo unapogeuka: nyuma ya madigadi, chini ya ukingo wa nyuma, kwenye mikunjo. Pale watu wanapopanda na kukalia hakuna vumbi kabisa, pamepanguswa na suruali. Kwenye T-34-85 askari wa miguu walipanda juu wakasafiri wameshikilia vyuma vilivyochomelewa mnarani (ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) kwa ajili yao. Basi sehemu ya nyuma juu ya injini, na vyuma vile, viwe vimepanguka na kulainika. Puliza vumbi lako kwa bunduki ndogo ya rangi, nyepesi, kwa miguso mingi, kisha lifute kwa brashi yenye unyevu pale watu walipokaa. Ukifuta utaona wamekaa wangapi.

Matope yapime pia. Chembe ya mchanga ya nusu milimita ni kokoto ya milimita 8 kwa skeli yako. Chekecha udongo mara mbili kwa kitambaa cha soksi kabla ya kuuchanganya na gundi.

Neno moja juu ya mnara, ingawa hukuuliza. Mnara wa T-34-85 ulimiminwa kwenye kalibu na uso wake ulikuwa mkavu, wa chenga, na mshono wa kalibu ukionekana. Kama wako ni laini kama yai, hakuna rangi itakayouokoa. Lainisha puti kwa kimumunyisho chake, uigongegonge kwa brashi ngumu ya zamani, ikikauka pitisha msasa juu juu. Itabidi uupake upya mnara peke yake, na nakuhakikishia hutajuta.

Fundi, kifaru changu cha 1/16 kinatembea kwa rimoti. Kila nikikipaka minyororo ya chuma, baada ya mzunguko mmoja rangi imebanduka yote. Nitumie rangi gani inayoshika?
*Dereva*

Usipake. Una bahati ambayo sisi wenye modeli za kusimama tunaiigiza kwa unga wa penseli. Osha minyororo kwa sabuni na maji ya moto mpaka isiwe na chembe ya oili, suuza, kausha, kisha itumbukize kwenye dawa ya kuchomea chuma rangi nyeusi, ile inayobadilisha uso wa chuma chenyewe badala ya kuufunika. Hakikisha dawa inafaa aina ya chuma chako. Ya chuma cha pua si ya zinki. Vaa glavu, fungua dirisha. Suuza tena. Halafu kiendeshe kwenye saruji dakika kumi. Pembe zitang'aa zinapostahili, na hutakosea hata moja.

Unga wa rangi usiuweke karibu na ekseli wala giaboksi. Unasaga kama msasa. Matope yako yaishie kwenye madigadi na bamba za chini, na yashikishwe vizuri kwa kimiminika cha kugandisha kabla hujawasha mota.

Salaam Fundi. Nilimaliza kifaru changu cha Kimarekani cha Sherman, nikapuliza vanishi isiyong'aa, asubuhi nikakuta ukungu mweupe umekifunika. Nimelia. Je, kimeharibika?
*Mama Koku*

Hakijaharibika, dada yangu. Kausha kwanza siku mbili. Kisha puliza vanishi inayong'aa, nyembamba, juu ya ule ukungu. Mara nyingi hupotea papo hapo mbele ya macho yako, kwa sababu weupe ule ni uso uliojaa vinyweleo na chembe zinazotawanya mwanga, na vanishi ya kung'aa huvijaza. Ikikauka vizuri, rudi na isiyong'aa, na safari hii iwe siku kavu.

Sababu ni moja kati ya tatu: hewa ilikuwa na unyevu, au ulipuliza nene, au chupa haikutikiswa ya kutosha. Kinachoua mng'ao ni unga mwembamba unaotuama chini ya chupa. Usipotikiswa, nusu ya kwanza inang'aa na nusu ya mwisho ni chokaa. Tikisa dakika mbili nzima. Puliza kwanza kwenye kijiko cha plastiki, ngoja kikauke, ndipo ukiguse kifaru. Kijiko changu kimeniokolea modeli tatu.

Fundi wangu, natengeneza Tiger I ya majira ya baridi, Desemba 1943, yenye rangi nyeupe iliyochakaa juu ya njano. Kila nionapo wanasema tumia sprei ya nywele. Nimejaribu kwenye ubao, nyeupe inabanduka vipande vikubwa kama ganda la yai. Nifanyeje?
*Theluji*

Umefanya vyema kujaribu kwenye ubao. Sprei ya nywele ni mbinu nzuri, na vipande vikubwa vinatoka kwa mambo mawili: sprei nene mno, au nyeupe uliyoiacha ikauke siku nzima. Mikono miwili myembamba ya sprei, subiri dakika ishirini, nyeupe ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, subiri nusu saa, kisha maji na brashi ngumu. Akriliki iliyozimuliwa kwa tina ya laka hushika sana, ndiyo maana wengine hulalamika haibanduki kabisa. Na njano iliyo chini ifungwe kwa vanishi kwanza, la sivyo itaondoka nayo.

Lakini kwa skeli yako nina njia ninayoipenda zaidi. Nyeupe ile haikupulizwa kiwandani. Wanajeshi waliipaka wenyewe, mara nyingi kwa brashi kubwa, na ilikuwa rangi ya muda inayooshwa kwa maji au chokaa tu. Brashi ya sentimita 10 katika 1/16 ni milimita 6. Chukua brashi bapa ya milimita 6, nyeupe iliyochafuliwa kidogo na hudhurungi, ipake kwa mkono kama askari mwenye baridi na haraka. Acha mistari ya brashi ionekane. Zunguka alama ya msalaba na namba ya mnara, usizifunike, maana nao walizunguka. Chini ya mnara na nyuma ya magurudumu mkono haukufika, paache njano.

Desemba 1943 ina jambo jingine. Tiger za kiwandani kuanzia Septemba mwaka ule hadi Septemba 1944 zilipakwa Zimmerit, lile bandiko la matuta la kuzuia mabomu ya sumaku. Kama chako kinalo, ndilo litakalokufanyia kazi yote. Nyeupe hukaa ndani ya mifereji na kuondoka kwenye vilele vya matuta. Ikikauka nusu, pitisha kidole kilichofungwa kitambaa chenye unyevu juu ya vilele, kwa mwelekeo mmoja, pale wanajeshi walipopandia: ubavuni karibu na mbele, na njia ya kwenda kwenye mfuniko wa kamanda. Sehemu za mbali na njia hizo acha nyeupe ibaki nzito.

Usichukue kifaru cha makumbusho kuwa mwongozo wa uchakavu. Tiger 131 iliyoko Bovington, Uingereza, ilitekwa Tunisia Aprili 1943, na ni hazina kwa vipimo na umbo la kila bolti, lakini imekarabatiwa na kupakwa rangi upya. Tafuta picha za wakati wenyewe. Ni nyeusi na nyeupe, na kwa kazi yako zinatosha kabisa: unachotafuta ni mahali ambapo nyeupe imeondoka na mahali ilipobaki. Chapisha moja kubwa, ibandike ukutani juu ya meza, na uzungushie kwa kalamu kila mahali unapoona mtu alishika.